Kuandika Ukubwani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Akiwa na Mvi

Nilistaafu nikiwa na miaka 58, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeandika kila siku ya kazi: ripoti, barua, mihtasari ya vikao, majibu ya hoja za ukaguzi. Kwa hiyo nilipokaa mezani kuandika kitu changu mwenyewe sikuwa na hofu. Nilifungua daftari jipya, nikaandika juu ya ukurasa: Sura ya Kwanza, Kuzaliwa Kwangu. Nikajaza kurasa tatu. Kisha daftari likakaa kabatini miezi minane.

Muda nilikuwa nao, na mambo ya kusema yalikuwa tele. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hawakusema kwamba aliyeona mengi anajua kuyaandika. Nilichokosea ni ukubwa wa mzigo. Nilitaka kujitwisha miaka 58 kwa mkupuo mmoja, tena kwa kufuata kalenda. Yote nitakayokueleza hapa yanatokana na kosa hilo, na dawa yake naweza kukupa sasa hivi: usiandike maisha yako. Andika dakika kumi za maisha yako. Kisha dakika kumi nyingine.

Na kabla hujaniambia umechelewa: Penelope Fitzgerald wa Uingereza alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1975, akiwa na miaka 58, na mwaka 1979 akapata Booker, tuzo kubwa ya riwaya. Frank McCourt alifundisha katika shule za New York karibu miaka thelathini, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1996, akiwa na miaka 66. Nawataja ili habari ya umri tuimalize hapa hapa, tuingie kazini.

Hatua ya 1: Mtafute msomaji mmoja

Ukiandika kwa ajili ya "jamii" au "vizazi vijavyo", sauti yako itapanda jukwaani bila wewe kujua. Chagua mtu mmoja. Anaweza kuwa mjukuu, rafiki wa zamani, dada, hata mtu aliyekwisha kufariki. Andika jina lake kwenye jalada la ndani la daftari. Kila unapokwama, jiulize ungemwambiaje yeye.

Mfano mkubwa tunao katika lugha yetu wenyewe. Takriban mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, alimtungia binti yake utenzi wa beti mia na kidogo. Anaanza kwa kumwita asogee, aketi, alete wino na karatasi, kwa kuwa lipo jambo moyoni analotaka kumwambia. Hakuwaita watu wote, alimwita mmoja, na mpaka leo watu wanausoma. (Naam, utenzi wenyewe ni wa mawaidha, na hapa chini nitakukataza mawaidha. Yeye alikuwa anaaga. Wewe bado una muda wa kusimulia.)

Kuchagua msomaji kunakusaidia pia kujua nini cha kueleza. Dada yangu hahitaji kuambiwa sebule yetu ilikuwaje, mjukuu anahitaji. Nilipobadilisha msomaji kutoka kwa dada kwenda kwa mjukuu, kipande kilekile kiliongezeka nusu ukurasa, na nusu ukurasa hiyo ndiyo iliyokuwa na uhai.

Hatua ya 2: Vifaa, macho na saa

Hapa nitapita haraka, maana wengi huponea kwenye kununua vifaa badala ya kuandika.

Chukua daftari dogo lisilo la fahari. Daftari zuri mno linatisha. Kama unatumia kompyuta, kuza herufi hadi ukubwa wa 16 na uachanishe mistari; baada ya miaka 45 hivi jicho hupungukiwa na uwezo wa kuona vya karibu, na uchovu wa macho ni rahisi kuudhania uvivu. Taa iweke upande wa pili wa mkono unaoandikia, kivuli cha mkono kisikuangukie kwenye karatasi. Vidole vikiuma, tafuta kalamu nene au izungushie kitambaa.

Asiyeweza kuandika kwa muda mrefu arekodi kwa simu. Mtu akizungumza kwa kawaida hutoa maneno zaidi ya mia kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni kurasa mbili na ushei. Ila usinakili kila neno. Sikiliza mara moja, zima, kisha andika ulichobaki nacho kichwani. Kinachobaki huwa ndicho chenyewe.

Saa: dakika ishirini, siku nne kwa wiki, wakati uleule. Mimi hukaa alfajiri kabla simu hazijaanza kulia. Ukiandika maneno 150 kila unapokaa, siku nne kwa wiki, wiki hamsini, una maneno 30,000. Hicho ni kitabu chembamba, nacho kimepatikana bila kumnyima mtu chakula cha jioni.

Hatua ya 3: Chimba mahali penye maji

Watu hudhani kumbukumbu ni kabati, ukifungua unakuta vitu vimekaa kama ulivyoviacha. Sivyo inavyofanya kazi. Kila unapokumbuka, akili inakijenga kitu upya kutoka kwenye vipande, na baadhi ya vipande inavitoa kwingineko. Ndiyo maana ndugu wawili hubishana juu ya tukio moja na wote wakaapa. Kwa mwandishi hili halina ubaya wowote. Linakutaka tu useme "nadhani" pale unapodhani.

Watafiti wa kumbukumbu wameona jambo linalotufaa: watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyotokea walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiko kulikojaa "mara ya kwanza". Anza kuchimba huko, hata kama unadhani makuu yako yalikuja baadaye.

Zoezi ninaloliamini kuliko mengine yote ni hili. Chukua karatasi kubwa, uchore ramani ya nyumba uliyoishi ukiwa na miaka kumi hivi. Usijali ubaya wa mchoro. Weka milango, madirisha, mahali ulipolala, mahali paliporuhusiwa watu wazima tu, mahali kilipofichwa kitu fulani. Tembea humo kwa kalamu. Kila mahali palipotokea jambo, hata dogo la aibu, weka alama ya X na neno moja: "kioo", "paka", "barua". Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilipata alama kumi na tisa kwa nusu saa. Kumi na tisa! Wakati kwa miezi minane nilikuwa nikisema sina pa kuanzia.

Alama moja ni kipande kimoja. Usichague iliyo nzito zaidi. Chagua ile inayokushangaza kwamba bado unaikumbuka.

Ramani ikikauka, fanya orodha ya "mara ya mwisho": mara ya mwisho kumbeba mtoto, mara ya mwisho kufunga mlango wa nyumba fulani, mara ya mwisho kuvaa sare. Vya mara ya kwanza tulijua vinatokea. Vya mara ya mwisho vingi vilitupita bila kutuaga, na humo ndimo mnamopatikana maandishi.

Hatua ya 4: Andika tukio

Hii ndiyo hatua yenyewe, na hapa nitakaa.

Tukio, kwa maana ya kazi yetu, ni jambo lililotokea mahali pamoja, kwa muda usiozidi saa moja, likiwa na mtu mwingine au kitu ndani yake, na mwisho wake kuna kilichobadilika, hata kama ni uso wa mtu tu. "Utoto wangu" si tukio. "Malezi ya baba" si tukio. "Usiku ambao baba aligundua tundu la kiatu changu" ni tukio.

Nitakuonyesha nilivyoandika juu ya baba mara ya kwanza:

"Baba yangu alikuwa mtu mkali lakini mwenye upendo mkubwa kwa watoto wake. Alitufundisha nidhamu, usafi na kuthamini kidogo tulichokuwa nacho. Kwa hakika malezi yake ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo leo."

Hakuna uongo hata mmoja. Lakini isome tena. Unaweza kuisoma kwenye msiba wa mtu usiyemjua na hakuna atakayeshtuka. Baba yangu hayumo. Nikajiuliza maswali matatu, ambayo nakuomba uyabandike ukutani: mikono yake ilikuwa inafanya nini? Mimi nilikuwa nimesimama wapi? Nani alijua nini ambacho mwingine hakijui?

Baada ya rasimu sita nikapata hii:

"Jumapili usiku baba alipanga viatu vyetu sita juu ya gazeti, kuanzia vidogo. Brashi hakumwachia mtu. Kiatu changu cha kulia kilikuwa na tundu kwenye soli, kubwa kama sarafu, na nilikuwa nimelificha wiki nzima kwa kukanyagia kisigino. Alikigeuza. Akapitisha kidole kwenye tundu, kidole kikatokezea ndani, akakichezesha kama mtu anayepunga mkono. Sikujua kama nicheke. Akachukua boksi tupu la sabuni, akakata kipande, akakipima kwenye kiatu, akakipunguza, akakipima tena. Kabla ya kukitia ndani aliandika kitu juu yake kwa kalamu ya wino. Kesho yake, njiani kwenda shule, nilivua kiatu nikatazama. Aliandika tarehe."

Mwanzoni kulikuwa na sentensi nyingine baada ya hapo: "Mpaka leo nikiikumbuka tarehe ile, machozi hunilengalenga." Niliipenda sana. Niliifuta, kwa sababu ilikuwa inamwambia msomaji alie lini.

Angalia kilichotokea. Neno "mkali" halimo. Wasiwasi wa mtoto aliyeficha tundu unatosha. Neno "upendo" halimo. Kuna sarafu, sabuni, kidole. Kingine: nilichagua Jumapili moja. Rasimu zangu za kwanza zilikuwa zimejaa "alikuwa akipanga", "alipenda kutuambia", "kila Jumapili tulikuwa". Masimulizi ya mazoea hayana mlango wa kuingilia. Msomaji anaona desturi inapita kwa mbali kama treni, hapandi. Ukijikuta umeandika "kila", simama, uulize: ipi kati ya hizo? Kisha andika hiyo moja.

Na kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili, jifunze kuzicheza nyakati zake, maana ni utajiri ambao tunautumia bila kuutazama. -li- hufungua mlango wa tukio. -ka- huliendesha: akachukua, akakata, akapima. -ki- huonyesha kinachoendelea pembeni: mama akiimba, mvua ikinyesha. Ila -ka- kumi mfululizo zinachosha kama ngoma ya mtu mmoja. Baada ya nne au tano, weka sentensi fupi ya -li-, au sentensi isiyo na kitenzi kabisa. Jaribu pia kuandika tukio zima kwa -na-: "Baba anakigeuza kiatu. Anapitisha kidole." McCourt niliyemtaja juu alisimulia utoto wake kwa wakati uliopo na kwa sauti ya mtoto, na mtoto hana nafasi ya kuhukumu wala kushukuru. Anaona tu. Kwa sisi tuliozoea kutoa hukumu, hilo ni zoezi zuri hata kama hutalibakiza.

Hatua ya 5: Vua koti la ofisini

Aliyeandika kazini miaka mingi ana mazoea ya mkono, na mkono hausahau upesi. Mimi yangu yalikuwa: ikumbukwe kwamba, kutokana na hali hiyo, suala zima la, kwa namna moja au nyingine, ilionekana ni vyema. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ilionekana na nani? Katika ripoti tulikuwa na sababu ya kumficha mtu. Katika hadithi mtu ndiye tunayemtafuta.

Walimu wana ugonjwa wao wa kufunga kila aya kwa funzo, wanasheria wanajihami kabla hawajashtakiwa, na watu wa dini hawawezi kumwacha mhusika afanye kosa bila kumrudi papo hapo. Chukua kipande chako cha kwanza, pigia mstari kila sentensi inayofundisha, inayoshukuru au inayojumlisha. Kisome bila hizo. Mara nyingi kinasimama vizuri zaidi, kama mtu aliyetua mizigo.

Methali pia. Ninazipenda, umeona nimekwisha kutumia moja. Lakini methali ni sentensi ya mtu mwingine, na ukizipanga nyingi unaondoka wewe wanabaki wahenga. Moja kwa kipande yatosha, na inakaa vizuri zaidi kinywani mwa mhusika kuliko kwa msimulizi.

Jambo moja la kukutia moyo: msamiati wa mtu huendelea kukua hadi miaka ya sitini. Kijana anakushinda kwa kasi ya kukumbuka jina la mtu. Kwa maneno, wewe una ghala. Tumia ya ndani kabisa, yale uliyoyasikia ukiwa mtoto na ambayo hakuna anayeyatumia nyumbani kwako sasa. Mimi nina orodha yake nyuma ya daftari.

Hatua ya 6: Waache waseme, na uruhusiwe kubuni

Hakuna anayekumbuka mazungumzo ya miaka arobaini iliyopita neno kwa neno. Andika ambavyo watu wale wangesema, kwa mapigo yao. Yawe mafupi. Watu wanaojuana hawajibu maswali, wanayakwepa:

"Umechelewa."
"Mvua."
"Imenyesha kwako tu?"

Mistari mitatu, na tayari unajua kuna jambo kati ya wawili hawa. Ukiongeza "alisema kwa hasira" umeharibu.

Ukiona ukweli unakubana, kwa sababu ya aibu au ya watu walio hai, geuza kipande kiwe hadithi ya kubuni. Badilisha mambo mawili makubwa: jinsia ya msimulizi, kazi yake, mwisho wa tukio. Kubadilisha majina tu hakusaidii. Watu hujitambua kwa tabia zao. Baada ya mabadiliko mawili mhusika huanza kufanya mambo ambayo hukumtuma, na hapo ndipo wengi wetu tumegundua kwamba kumbe tulikuwa watunzi. Sharti ni moja tu: ulichobuni usikipe jina la kumbukumbu.

Anayevutwa na ushairi aanze na utenzi, mizani nane kwa mshororo, kabla ya shairi la mizani kumi na sita lenye vina vya kati na vya mwisho. Kina humburuta mwanafunzi. Nimewahi kumpeleka mhusika baharini kwa sababu tu nilihitaji neno linaloishia na "ni".

Hatua ya 7: Yanayouma

Siku moja utafika kwenye alama ya X uliyokuwa ukiizunguka. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao umerudiwa na wengi tangu hapo: wanafunzi waliandika dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo zito maishani mwao. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kumwona daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao, na hilo watu husahau kulitaja.

Kwa hiyo jipange. Usiandike mambo hayo usiku kabla ya kulala. Weka saa, ikilia simama hata katikati ya sentensi. Uwe na kitu cha kufanya kwa mikono baadaye, kufagia, kufua, chochote. Na ikiwa hali haitulii baada ya siku kadhaa, funga daftari, uzungumze na mtu mwenye ujuzi huo. Kuna vipande viwili ambavyo sijavimaliza mpaka leo, na sidaiwi na mtu.

Maandishi ya kidonda na maandishi ya msomaji ni kazi mbili. Ya kwanza unaweza kuyachana. Acha miezi ipite kabla hujaamua kama kuna kipande ndani yake.

Hatua ya 8: Sahihisha kwa sikio

Kipande kikiisha, kifungie droo wiki mbili. Kisha kisome kwa sauti, umesimama, peke yako. Pale ulimi unapojikwaa tia alama. Pale unapoharakisha umechoka mwenyewe, sembuse msomaji. Sikio la mtu aliyekulia kwenye hadithi za kusimuliwa halidanganyiki kirahisi.

Kisha ukate mwanzo. Aya ya kwanza ya wanaoanza karibu siku zote ni mtu anayekohoa kabla ya kusema. Tazama kama kipande kinaweza kuanzia aya ya pili. Halafu tazama mwisho, kama unaeleza kilichokwisha kuonekana. Kipande changu cha kiatu kilikuwa na maneno karibu 900 kabla sijafanya hivi, umesoma kilichobaki.

Ukikwama kabisa, geuza karatasi uandike kipande chote upya bila kutazama. Unachosahau hakikuwa cha lazima.

Hatua ya 9: Wasomaji wa kwanza, na familia

Usimpe mwenzi wako kwanza. Atasifu kwa ajili ya amani au atasahihisha tarehe. Mpe mtu anayesoma vitabu kwa hiari yake, umwombe majibu ya maswali matatu tu: wapi ulichoka, wapi hukuelewa, na kesho yake bado unakumbuka nini? Usijitetee. Andika anachosema, shukuru, nenda nyumbani. Akisema amechoka mahali fulani, yuko sahihi hata kama dawa anayopendekeza siyo.

Walio hai na waliomo ndani ya maandishi wanastahili kuyaona kabla ya watu wa nje. Hili nilijifunza kwa gharama. Kaka yangu alisikia kwa binamu kwamba "nimemuandika", na wiki mbili hakupokea simu yangu. Alipokisoma kipande mwenyewe alicheka sehemu mbili, akanitaka nifute mstari mmoja. Niliufuta. Haukuwa mzuri hivyo.

Hatua ya 10: Kuhifadhi na kuchapa

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwa barua pepe yako mwenyewe, moja ya karatasi katika nyumba ya mtu mwingine. Ipe kila faili jina lenye namba ya rasimu, "kiatu-rasimu-6", maana "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho kweli" zitakuchanganya.

Hakimiliki usiihofie. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi ni yako tangu unapoiandika, bila kusajili, na ulinzi huo hudumu si chini ya miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Cha kuhofia ni anayekupigia simu kusema muswada wako ni wa kipekee, kisha akakutajia ada. Mchapishaji hukulipa wewe. Anayetaka umlipe ni mchapaji, na hakuna ubaya kumtumia mchapaji, alimradi ujue unanunua huduma. Mimi sikujua. Nilishawishiwa kuchapa nakala 200 za kitabu changu cha kwanza, na maboksi mawili bado yako chini ya kitanda.

Cha pili nilikifanya kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati, nakala kumi na mbili. Kijitabu cha namna hiyo lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana kila karatasi ikikunjwa hutoa nne. Vyangu vilikuwa vipande saba, kurasa 41. Ikabidi ziwe 44. Mchapaji aliuliza kama ajaze tatu zilizobaki kwa picha. Nilimwambia aziache tupu.

Mwezi uliofuata nilimkuta dada yangu na nakala yake mezani, na penseli juu yake. Kurasa zote tatu alikuwa amezijaza. Juu kabisa aliandika: "Viatu vilikuwa vinane. Vya mama alivianza kwanza."